Siku moja maishani mwangu: mezani pa kupokea wateja wapya

Saa mbili kasorobo asubuhi nafungua kliniki yetu ya ushauri nasaha hapa Mombasa. Kazi ya kwanza ni viti: nahakikisha havitazamani. Mtu anayekuja mara ya kwanza huchungulia kwanza kama jirani yake yumo.

Saa tatu, simu. Ni nadra mtu kusema ana sonona. Husema "nina mawazo mengi", "sipati hata lepe la usingizi", "moyo waenda mbio". Nayaandika maneno yao vilevile, maana mshauri ataanzia hapo. Kisha nauliza: nikikupigia, nijitambulishe vipi akipokea mtu mwingine?

Saa nne na nusu anaingia mama mtu mzima na binti yake. (Nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike.) Binti anataka kumjibia. Namwomba asubiri nje, na hilo silegezi hata akinuna. Macho ya mama hayaoni vizuri, kwa hiyo namsomea hojaji ya PHQ-9, ya kupima dalili za sonona: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3. Tunakwenda vizuri mpaka la tisa, linalouliza kama katika wiki hizo ameona heri afe, au amewaza kujidhuru. Anaishika ncha ya leso yake, anaikunja, anaikunjua.

"Mwanangu, nikisema ndiyo, utaita polisi?"

Ana haki ya kuuliza. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, lakini habari hiyo haijafika kila nyumba.

"La, mama. Hapa umekuja kutibiwa."

"Basi andika. Siku kadhaa."

Jibu hilo ni alama 1 tu. Lakini ndiyo ya swali la tisa, hata iwe ndogo vipi, hairudishwi kwenye foleni. Nainuka na karatasi mkononi mpaka kwa mshauri, na mama haondoki kabla ya kuonwa.

Saa saba nakula haraka, nafungia mafaili kabatini.

Saa nane, kijana. Anauliza bei, kisha kwa sauti ya chini: nikilipa kwa M-Pesa, ujumbe utaonyesha jina gani? Simu yake hushikwa na wengi nyumbani. Namwambia alete taslimu. Namsomea pia fomu ya ridhaa, hasa pale siri inapoweza kuvunjwa: maisha yakiwa hatarini, mtoto akidhulumiwa, mahakama ikiamuru. Nataka ajue hayo kabla hajafungua kinywa.

Saa kumi nawapigia waliokosa kufika. Mmoja anapokea, ananyamaza, anaomba Jumatatu. Nampa.

Kabla ya kufunga namalizia faili la mama: atarudi Alhamisi, na amekubali mwenyewe kwamba dawa zote za nyumbani zikae kwa binti yake.