Chia ya mashindano (cheerleading) ni mchezo jamani, tena mgumu
Wanaodhani chia ni wasichana wa kupunga pompomu, yale mafundo ya nyuzi za rangi, pembeni ya uwanja njooni niwaambie, binti yangu anacheza ya mashindano hapa Dallas na sasa naielewa vizuri. Timu inapewa dakika 2 na sekunde 30 tu, muziki haukatiki, humo humo waruke, wapige sarakasi, wanyanyuane, wajenge piramidi na dansi juu. Anayenyanyuliwa anaitwa flaya, wanaomshika miguu ni besi, na nyuma yao yupo bekispoti, huyu ndo namheshimu kuliko wote, yaani macho hayatoki kwa flaya hata sekunde, akiyumba yeye ndo analinda kichwa na shingo visigonge chini. Na flaya mwenyewe anatakiwa akaze mwili mzima kama mlingoti, akilegea tu besi hawamuwezi hata wawe na nguvu vipi.

Levo, yaani ngazi za ugumu, zinaanza 1 mpaka 7. Levo 1 ni sarakasi za mikono chini taratibu, 2 ndo unaona hendispringi ya kurudi nyuma (kujirusha kinyumenyume, mikono inagusa chini kisha unatua kwa miguu), 3 wanaanza kubinuka hewani bila mikono kugusa, baada ya hapo mama unafumba macho. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua rasmi chia mwaka 2021, kwa maoni yangu walichelewa sana.

Timu ikimaliza bila kuangusha mtu wala kukatwa pointi wanasema wamepiga ziro, na ukisikia wazazi tunapiga kelele ziro ziro basi ujue watoto wanalia kwa furaha pale kwenye mkeka, na sisi pia.