Kiarabu chetu kinavyotuponza kwenye Kingereza

Niko Dearborn huku Michigan mwaka wa sita sasa, mji uko pembeni tu ya Detroit, watu kama 110,000 na zaidi ya nusu asili yao ni Lebanon, Yemen, Iraq na nchi za jirani. Ukipita Warren Avenue mabango ya mikate na nyama yana herufi za Kiarabu mpaka unasahau uko Marekani. Mimi mtoto wa Tanga nilijua hapa sitapata tabu, Waarabu nimekua nao, duka la Mshihiri lilikuwa mlango wa pili toka kwetu.

Nikapata kazi ya mapokezi kwenye kliniki moja, na wiki ya kwanza tu nikaandika kwenye kompyuta "Arabic man, chest pain". Supavaiza wangu, mama wa Kilebanoni, akavuta kiti akakaa, hakunikaripia, akaniambia mwanangu, Arabic inasemwa, inasomwa, inaandikwa, ila haiumwi kifua, anayeumwa kifua ni Arab. Nikasahihisha. Siku mbili baadae nikaandaa tangazo la ukutani kwamba tuna "Arab interpreters", nikaamini nimeshaelewa, akarudi tena, hapana, hapo ndo uweke Arabic, mgonjwa anatafuta mtu wa kumtafsiria, awe Mchina awe Msomali ilimradi Kiarabu anakijua, ukisema Arab umetaja asili ya mkalimani na hujasema anatafsiri lugha gani.

Usiku ule nikakaa nikaanza kujiuliza hili kosa linatoka wapi, nikagundua linatoka kwenye Kiswahili. Kwetu mtu ni Mwarabu, kwao ni Uarabuni, hapo hakuna shida, lakini vilivyobaki vyote tunavipa Kiarabu: lugha ya Kiarabu, nchi za Kiarabu, farasi wa Kiarabu, kahawa ya Kiarabu. Neno moja, na Mwingereza kaligawa mara tatu: Arab, Arabic na Arabian. Ukilichukua lilivyo unapata "Arabic countries" na "United Arabic Emirates", na nimeona ndugu zetu waliofanya kazi Dubai wanaandika hivo kwenye CV zao kabisa, wakati Falme za Kiarabu ni United Arab Emirates, na ile jumuiya yao ya nchi 22 yenye makao Cairo ni Arab League, kwa sababu hizo zinaitwa kwa watu wake.

Arabian ni ya mahali, ile rasi ya Uarabuni yenyewe, Yemen, Oman, Saudia na majirani zao. Arabian Sea, farasi Arabian, hapo sawa, ila mtu usimwite hivo, Mlebanoni na Mmisri hata rasi yenyewe sio kwao, na Myemeni wa hapa mtaani anataka kuitwa Myemeni tu. Wazee wetu wa pwani hili neno la mahali walikuwa nalo jamani, ndo manga! Pilipili manga, njiwa manga, Mmanga ni mtu wa Oman, na Mshihiri wakamtenga kwa bandari yake ya Shihr kule Yemen. Sisi tumelundika wote kwenye Mwarabu na napaona tulipopoteza.

Vitu vya mazoea unashika tu kama vilivyo. Kahawa UNESCO waliiandikisha 2015 kama Arabic coffee, kuna gum arabic, ile gundi ya miti, ambayo nyingi inatoka Sudan, na Walebanoni wa hapa wenyewe wanasema Arabic food, sasa siwezi kumsahihisha mtu jina la chakula cha mamake.

Lakini lililoniuma ni la mzee mmoja wa Iraq. Nilimsikia anaongea Kiarabu na mkewe nikamwandika Arab, akaona kwenye skrini akasema hapana, sisi Chaldean. Ni Wakaldayo, Wakristo wa kaskazini mwa Iraq, wamejaa Detroit hii, lugha yao ya asili wanaiita Sureth, inatokana na Kiaramu. Kwa hiyo Arabic anaongea, ila Arab sio. Na mimi ndo nilitakiwa kulielewa kabla ya mtu mwingine yeyote, maana ni Mdigo, Kiswahili nimekiongea tangu utotoni na hakijanifanya niache kuwa Mdigo, na huku wakinisikia kwenye simu na dada yangu wananiambia ah unaongea African, najua kabisa inavyochoma.

Siku hizi nauliza maswali mawili mbalimbali, nyumbani mnaongea lugha gani, na wewe tukuandike nani, fomu ikiwa haina nafasi naandika pembeni. Wiki iliyopita yule mzee karudi na mkewe, nikamgeuzia skrini asome mwenyewe: Chaldean, halafu kwenye lugha Sureth na Arabic. Akavaa miwani, akasoma pole pole, kisha akaniomba nirekebishe herufi moja kwenye jina la babake.