Siku moja maishani mwangu: kubandika kucha pale ambapo kucha karibu hakuna

Saa 2 asubuhi. Naanzia Kariakoo, maana tipsi ndogo, zile ncha za plastiki za kubandika juu ya kucha, zimeniishia. Boksi la tipsi 500 huja na saizi kumi, namba 0 mpaka namba 9, hamsini kwa kila saizi. Namba 0 za kidole gumba hukaa sana, lakini hizi za vidole vidogo zinakwisha mapema, na wauzaji wengi hawavunji boksi. Naomba zilizo nyembamba na zisizopinda sana mgongoni. Wateja wangu wengi ni watu waliozoea kutafuna kucha, na kucha iliyotafunwa huwa bapa. Tipsi iliyopinda ukiikandamiza juu ya kucha bapa inakubali kwa muda tu, kisha inajikunja kurudi ilivyokuwa na kuanza kuachia pembeni.

Muuzaji ananionyesha likwidi ya akriliki, ile ya kuchanganya na unga kujengea kucha, ya bei ya chini mno. Nafungua, nanusa, narudishia kifuniko. Harufu kali namna ile na bei namna ile vinanitosha kuhisi ni MMA, kemikali ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilianza kuzichukulia hatua bidhaa zake za kucha tangu miaka ya 1970. Ikikauka inakuwa ngumu kupita kiasi na asetoni haiiyeyushi kirahisi. Mteja akijigonga mlangoni, tipsi inabaki nzima na kucha yake ndiyo inayong'oka.

"Dada, mbona wenzako wanachukua?"

"Mimi niache na hii ya EMA, kaka, ile laini inayoyeyuka kwa asetoni. Nitaongeza hela."

Saa 3. Nafungua saluni, Sinza. Vyuma vyote, mkasi, kisukuma ngozi na kikata kucha, vinaoshwa kwa sabuni na maji kwanza, ndipo vinaingia kwenye spiriti ya asilimia 70. Ile kali ya asilimia 90 na kitu inakauka haraka kabla haijamaliza kazi. Msasa ni mpya kwa kila mteja, na akimaliza anaondoka nao.

Mteja wa kwanza ni wa kujaza tu. Kucha ya mkono huota kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo baada ya wiki tatu pengo linaonekana. Nusu saa, ameondoka.

Saa 4. Wanaingia wawili: binti mwenye sendofu Jumamosi hii, na shangazi yake. Nampa shangazi shikamoo, anaitikia, anakaa, anaeleza wanachotaka. Binti mwenyewe yuko kimya, mikono ameikunja chini ya mtandio. Hali hii naijua. Simwambii "hebu nione mikono". Natandika taulo, nawasha feni, naweka mkono wangu juu ya meza kiganja kikiwa wazi na kumwuliza nguo yake ni rangi gani. Baadaye kidogo anauweka wa kwake mwenyewe.

Kucha zimetafunwa mpaka nyama ya ncha ya kidole imepanda juu kuliko kucha. Kwenye kidole kidogo, kilichobaki hakifiki milimita 5. Gumba la kulia lina ngozi iliyochanika pembeni, bado nyekundu.

"Tunataka ndefu, zile za kuchongoka," anasema shangazi.

Hapa ndipo fundi anapimwa. Hela ya kucha ndefu ni nzuri zaidi, na mteja anayelipa ni shangazi. Lakini kucha fupi haina pa kushikia mzigo. Ukibandika tipsi ndefu kwenye kucha ya milimita 5 umempa binti wa watu mtaimbo: akibonyeza ncha kidogo tu, nguvu yote inaishia kwenye mzizi na kuinyanyua kucha kutoka kwenye nyama. Kanuni yangu ni kwamba kinachotokeza mbele ya kidole kisizidi urefu wa kucha iliyopo nyuma yake. Namweleza shangazi taratibu, namwonyesha kwenye kidole changu. Anakubali, ingawa uso haujakubali bado.

Gumba lenye kidonda siligusi. Gundi na jeli ambayo haijakauka zikiingia kwenye ngozi iliyo wazi zinaweza kuleta mzio, na mzio huo ukishaanza hauishi. Mtu anaweza kuwashwa hata na gundi anazotumia daktari wa meno.

Vidole tisa vilivyobaki naviloweka kidogo, nasukuma ngozi ya mzizi nyuma pole pole. Sehemu hii naipenda kuliko zote. Kwa watu wanaotafuna, ngozi mara nyingi imetambaa juu ya kucha, na ukiirudisha unapata milimita moja, hata mbili, za kucha ambayo mwenyewe hakujua anayo. Binti anainama kuangalia. "Kumbe imefika huku?" Ndiyo, mdogo wangu, imefika.

Vikikauka kabisa, napitisha msasa laini, namba 180, kuondoa ule ung'avu tu. Kucha zake ni nyembamba, ukisugua kwa hasira unafika kwenye nyama. Nafuta vumbi, napaka dawa ya kukausha mafuta, na tangu hapo simruhusu kushika uso wala nywele.

Kisha tipsi. Napima upana, ukingo wa kushoto mpaka wa kulia. Ikiangukia katikati ya namba mbili nachukua kubwa na kuipunguza pembeni. Ndogo inabana na kupasuka. Ile sehemu nyembamba ya nyuma, inayokaa juu ya kucha, kwake ingefunika kucha nzima, nami nataka ifunike theluthi tu. Kwa hiyo naikata kwa mkasi kwa umbo la mwezi mchanga. Mafundi wengi wanaruka hatua hii, na ndiyo sababu kucha zao zinavimba katikati na kudumu siku mbili.

Gundi ni tone dogo. Nyama iliyopanda naivuta chini kwa kidole gumba changu, naingiza tipsi kwa kuilaza mshazari kwenye ukingo wa kucha, nailaza pole pole hewa itoke, nashikilia mpaka nihesabu kumi. Gundi ikimwagikia ile nyama, tipsi itashika nyama badala ya kucha, na kila akikunja kidole itavutwa. Nakata fupi, nasawazisha kiungo, natandaza jeli ya kujengea, ile inayoyeyuka kwa asetoni. Sehemu nene zaidi ya jeli naiweka pale kucha inapoishia na tipsi kuanza, maana hapo ndipo panapovunjika. Tabaka nyembamba, mara mbili. Kucha nyembamba inahisi joto ndani ya taa ya kukaushia jeli, kwa hiyo namwambia akisikia moto autoe mkono bila kuniomba ruhusa.

Saa 7 kasorobo tumemaliza. Anaiweka mikono juu ya taulo na kuiacha pale pale. Shangazi anavaa miwani, anakishika kidole kimoja kimoja, anasema, "Zinafanana na za kuzaliwa nazo." Sifa kubwa kuliko hiyo katika kazi hii siijui.

Saa 8. Wali, maharage na mchicha kutoka kwa mama ntilie wa pembeni. Jirani wa duka la vitambaa anauliza, kama wengi wanavyouliza, kama kuna tipsi inayopitisha maji ya udhu. Namjibu ukweli kwamba tipsi inaziba kucha. Wateja wangu Waislamu wengi hubandika siku ambazo hawasali, na wakitaka kubandua nawapa nafasi ya kwanza.

Saa 9 na nusu. Umeme umekatika, nahamia kwenye taa ya chaji. Mwanafunzi wa uuguzi, mahafali ni wikiendi, kucha fupi za kutafunwa. Yeye simbandiki kwa gundi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unasema anayemgusa mgonjwa asivae kucha za bandia, na Jumatatu anarudi wodini. Namchagulia za kubandika kwa stika, napunguza stika kwa mkasi zilingane na kucha zake, atazitoa Jumapili usiku kwa maji ya uvuguvugu.

Anaona haya kwa kutafuna, namwambia habari ya Maxwell Lappe, daktari wa meno wa Chicago aliyetengeneza kucha za bandia miaka ya 1930 kwa ajili ya watu wanaotafuna kucha. Anacheka, kumbe wapo tangu zamani.

Saa 12 jioni. Wawili wa rangi, usafi, hesabu.

Saa 2 usiku. Ujumbe wa binti wa sendofu: amejaribu kutafuna bila kujua, meno yameteleza. Anauliza afanyeje sherehe ikipita. Namwandikia apake mafuta ya nazi kwenye mizizi kila usiku, na asizing'oe. Aje baada ya wiki mbili nizitoe kwa pamba ya asetoni na karatasi ya foili, robo saa tu. Na Ijumaa aje tuliangalie gumba. Kidonda kikiwa kimefunga, nitalibandika. Kikiwa bado, atavaa kucha tisa na gumba litapakwa rangi tu, na hilo nitamwambia shangazi mwenyewe.