Siku mtori ulipoungua

Jana usiku mtori umenishikia chini. Nilikuwa naongea na simu, na ile harufu ya ndizi mshare zinaungua ilivyonifikia puani nikazima jiko nikakaa tu pale jikoni, muda mrefu. Shangazi huyo. Mnaomjua mnajua yule mama hanaga historia ya kuunguza chakula, isipokuwa siku moja, na hiyo siku nilikuwepo.

Ilikuwa 2014, mwezi wa nne, masika yamekolea, nimepanda Kibosho kwa Shangazi na daladala kutoka Moshi mjini, daftari la hadithi nimelifunga kwenye mfuko wa rambo lisilowe. Ile hadithi ya Mzee Chuma, niliyokuwa naitupia Facebook kila Ijumaa. Watu walikuwa wananijaza inboksi, Chuma anakufa lini, na mimi nimekwama kwa sababu nilishamjenga mpaka hashikiki: hela anazo, mwenyekiti anakula kwake, nusu ya kijiji ina deni lake, na usiku anang'oa masale, ile mimea ya mpaka, anayapanda hatua kumi ndani ya shamba la mjane, kihamba chake, halafu asubuhi anaapa mbele ya watu kwamba yalikuwa hapo tangu enzi za babu. Mtu kama huyo unamtoaje? Nikamletea radi. Sura ya mwisho, radi inampiga akiwa amesimama juu ya mpaka alioiba, na niliipenda sana hiyo radi, maana yule mtu wa kweli niliyemtolea Chuma alikuwa ameshakufa kwa uzee kitandani kwake, na kwenye mazishi magari yalijaa mpaka barabarani.

Jiko la nje, mafiga matatu, mvua inapiga bati mpaka inabidi upaze sauti. "Soma baba, miwani nimeacha ndani." Mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ukimsomea unakaa wima. Nikasoma. Alikuwa anakoroga mtori taratibu, nasikia mwiko unagusa sufuria, kru, kru, na nilipofika pale kwenye masale ule mlio ukakatika. Sikuinua macho. Yule mjane sikuwahi kumwambia ni nani na yeye hakuwahi kuniuliza. Nikaenda mpaka kwenye radi, nikafunga daftari.

Kimya. Mvua tu.

"Huyo umemuua," akasema. "Hujamshinda."

"Si kafa Shangazi?"

"Radi ingeweza kumpiga hata mbuzi wangu. Chuma kafanya nini mpaka ikampata? Hajafanya kitu. Wewe ndo umechoka naye."

Iliniuma, siwezi kuficha, nilikuwa nimekesha siku tatu kwenye ile sura. Halafu akaniuliza, kama darasani, Liongo, yule shujaa wa hadithi za Waswahili, alikufaje. Nikajibu, sindano ya shaba, kitovuni. Nani aliyemchoma? Mwanawe. Na siri ya sindano mwanawe aliipata wapi? Kwa Liongo mwenyewe, alimwambia kwa mdomo wake. "Umeona sasa? Mishale ya mji mzima haikumwingia, na hata alipochomwa alipiga goti karibu na kisima upinde mkononi, watu wakaogopa kwenda kuchota maji, wasijue ameshakufa. Mtu wa hivyo huwezi kumtafutia kifo mbinguni. Kakibeba mwenyewe. Rudi umpekue."

Nikasema Chuma hana siri, hana mtoto anayempenda, hamwamini mtu.

"Maji anapata wapi?"

"Si kwenye mfongo, mfereji wa kijiji."

"Mfongo anauchimba peke yake?"

Hapo ndo nilipobaki nimemkodolea macho. Maana nilishaliandika! Sura ya tatu kabisa, siku ya kazi ya mfongo watu wote wanashuka korongoni na majembe, Chuma haendi, hatumi kijana, faini halipi, na hakuna anayethubutu kumuuliza kwa sababu ya yale madeni. Nililiweka pale ili msomaji aone jinsi gani haguswi. Kumbe sindano ilikuwa hapohapo. Masika yakibomoa mdomo wa mfongo kule juu halafu watu wakakaa majumbani, bila kikao, bila panga, wakaacha tu kwenda, Chuma atafanya nini? Atakodi vibarua, watatengeneza leo na kesho maji yamebomoa tena, hawajui yale mawe yanapangwaje. Kahawa yake inakauka anaiona. Mwisho itabidi abebe isale la kuombea msamaha, yeye Chuma, apige hodi alfajiri kwa mjane, kwa sababu yule mama akishuka na jembe lake wengine wote watashuka.

Nilikuwa namweleza Shangazi hayo yote kwa mbio, nimesimama, mikono inapiga hewa, naye kanisikiliza mwiko ukiwa juu, mpaka moshi ukabadilika harufu. "Mae! Mtori!"

Aliuepua kwa kanga. Nikamwambia sasa imekaa, Shangazi, sasa imekaa. Halafu nikauliza swali ambalo mpaka leo natamani ningelimeza: "Na mjane analipokea?" Si mnajua kwetu, mtu akikuletea isale kuomba msamaha humkatalii. Kwa hiyo Chuma anashindwa na mjane analazimika kusamehe, siku moja, mlango mmoja.

Hakujibu. Alinipakulia ile ya juu ambayo haijaungua, ya chini akabaki nayo yeye, akala yote, polepole, anaangalia upande wa mpaka.

Ijumaa ile niliposti mpaka pale Chuma anasimama getini, analowa, isale limefungwa fundo mkononi. Wasomaji walifurahi sana, wengi wakaona imeisha. Mimi bado. Mkono wa mjane nimeshauandika sijui mara ngapi, kuna daftari anaunyoosha, kuna daftari anarudi ndani. Jana baada ya kusugua sufuria nimelitoa tena nikaandika mpaka saa nane usiku. Kafungua geti. Mkono bado uko ndani ya kitenge.