Picha ya mtoto niliyoisambaza bila kumuuliza mama yake

Mwaka 2017 mtoto wa dada yangu aliungua na uji. Alikuwa na miaka mitatu. Sufuria ilikuwa jikoni, mama yake ametoka mara moja kwenda bombani, mtoto akauvuta mwiko. Uji wa moto una ubaya wake: unanata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza hata baada ya kumwagika. Alibabuka kifua, bega na mkono wote wa kulia.

Nilifika wodini jioni ile. Mtoto alikuwa amelazwa juu ya kitenge cha kijani chenye maua ya njano, kitenge nilichokipinda mwenyewe kwa cherehani yangu, maana mimi ni fundi. Dada alikuwa ameinama pembeni ya kitanda. Nikatoa simu, nikapiga picha. Nilihesabu kimya chake kuwa ni ruhusa. Ukweli ni kwamba hakujua hata kama nimeshika simu.

Usiku niliandika habari yote. Niliandika jina la mtoto, kijiji, hospitali, namba yangu ya M-Pesa, na sentensi hii ambayo naikumbuka mpaka leo: "Mama yake alikuwa amemwacha peke yake jikoni." Nilidhani inaonyesha jinsi ajali inavyotokea ghafla. Nikaweka ile picha, mtoto akiwa hana nguo, nikatuma kwenye makundi yangu ya WhatsApp, kisha Facebook. Chini nikaandika sambaza.

Watu walisambaza, na walitoa. Ndani ya siku tisa tulipata shilingi 1,460,000, na hela ile ndiyo iliyolipa dawa, bandeji na nauli za kwenda kufunga vidonda kwa miezi minne. Lakini chini ya picha maneno yalikuwa mengine. "Mama mzembe." "Akamatwe." "Mwanamke gani anaacha mtoto na moto?" Dada hakuwa na simu janja wakati ule. Aliyasikia kwa mke wa jirani, aliyemsomea yote moja baada ya jingine, palepale bombani.

Alinipigia jioni. Hakupiga kelele. Alisema, "Mdogo wangu, hela imesaidia, sikatai. Lakini hukuniuliza."

Nilifuta kwenye Facebook siku hiyohiyo. Kwenye WhatsApp sikuwa na la kufanya. Kitufe cha kufuta ujumbe kwa watu wote kilikuwa bado hakijaja, na hata kilipokuja mwishoni mwa mwaka ule kilikuwa kinakupa dakika saba tu. Na kingenisaidia nini, wakati kila aliyepokea alikuwa na picha yake kwenye simu?

Niliamini limekwisha. Mwaka 2022 mwanachama mwenzangu wa vicoba akatuma ujumbe kwenye kundi letu: mtoto wa miezi kadhaa, ameungua, yatima, yuko hospitali ya mbali, tafadhali tumchangie. Juu yake kulikuwa na ile mishale miwili inayoonyesha ujumbe umepita mikononi mwa wengi. Nilifungua picha nikaona maua ya njano. Mkono wa dada yangu ulikuwa pembeni kabisa ya picha, umekatwa kwenye kiganja. Jina lilikuwa jingine, namba ya kutuma hela nayo si yangu.

Wenzangu watatu walikuwa wameshatuma. Niliandika kwenye kundi: "Huyu ni mtoto wa dada yangu, amepona, yuko darasa la pili, msitume tena." Namba ile niliiripoti kwa kuituma kwenda 15040, namba tunayotumia hapa Tanzania kuripoti matapeli wa simu. Nilipiga pia, ikapokelewa na mwanamume, na nilipouliza mtoto yuko wodi gani alikata. Tangu siku hiyo nimeiona picha ile mara mbili zaidi, kila mara ikiwa na namba mpya.

Tapeli ana kosa lake. Ila chombo anachotumia nilimtengenezea mimi: uso wa mtoto, majeraha, maneno ya kuhurumia, na hakuna tarehe. Hilo la tarehe huwa halitajwi sana, nami naliona ndilo kubwa. Ujumbe usio na tarehe hauzeeki. Unaokotwa leo kama ulivyookotwa miaka mitano iliyopita, na anayeusoma anadhani mtoto analia sasa hivi.

Mwaka jana mwenzetu wa kikundi alipata shida inayofanana. Binti yake alihitaji upasuaji, hela haikutosha, akaja kibandani kwangu na simu mkononi, picha za binti tayari amepiga. "Niandikie wewe unayejua kuandika," akasema, "na picha uweke, bila picha watu hawatoi."

Nilimwelewa, maana ndivyo nilivyoamini. Nikamweleza ya dada yangu, yote, hata ile sentensi. Kisha tukakaa tukaandika pamoja, na kazi hiyo ilituchukua mchana mzima kwa sababu nilimsomea kila mstari kwa sauti na kumuuliza: binti yako akiusoma huu akiwa na miaka ishirini, atasemaje? Mistari miwili aliitoa mwenyewe. Mmoja ulikuwa unataja ugonjwa kwa jina lake. Mwingine ulisema baba amewakimbia. "Hayo ni ya nyumbani," akasema.

Kisha nikampa simu, nikamwambia amuulize binti. Binti ana miaka kumi na mitatu, ana akili zake. Alikataa picha, akakubali mama yake arekodi sauti. Mama akasema kwa sauti yake mwenyewe kwamba ana mgonjwa, kiasi kilichobaki ni hiki, upasuaji ni wiki ijayo. Sauti ile haikufika dakika moja. Namba tuliyoweka ni ya mweka hazina wa kikundi, na tukaandika jina linalopaswa kutokea mtu anapotuma, ili likitokea jina jingine asithibitishe. Mwisho tukaandika: michango inafungwa tarehe 20 Oktoba, baada ya hapo ujumbe huu si wetu.

Tulituma kwa watu wanaotufahamu tu: kikundi, jumuiya, ukoo wa mama na ukoo wa baba. Neno sambaza hatukuliandika. Hela ilikuja polepole kuliko ile ya 2017, siku mbili za kwanza mama alikuwa na wasiwasi mpaka hakula, nami nikaanza kujiuliza kama nimemponza. Siku ya tatu watu wakaanza kupiga simu, kwa sababu wanamjua, wakauliza, wakatoa. Ilitosha, ikabaki hata ya chakula. Tarehe 20 mweka hazina alitangaza jumla na kufunga.

Kikundi kimeuchukua utaratibu huo. Kwenye mkutano niliwasomea pia kwamba tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kwamba taarifa za watoto zimewekwa humo miongoni mwa zile nyeti. Wengi walishangaa. Walidhani mtoto akiwa wako, habari zake ni zako.

Kwa habari za kuomba michango zinazonifikia mimi, sasa napiga simu kabla ya kutuma popote. Nisipompata mwenye habari, habari inaishia kwangu, hata kama imenitoa machozi. Hasa kama imenitoa machozi.

Mpwa wangu yuko darasa la tano. Mwaka huu alikuja kwangu likizo, siku moja akasimama mlangoni mwa kibanda akauliza, "Mama mdogo, ni wewe uliyenipiga picha nikiwa sina nguo?" Mwenzake shuleni alimwonyesha kwenye simu ya kaka yake. Nilizima cherehani. Nikamwambia ndiyo, ni mimi, na sikumuuliza mama yako, na wewe sikukuuliza, naomba unisamehe. Akakaa kwenye stuli akichezea vifungo ndani ya kopo. Muda mrefu. Kisha akauliza kama anaweza kupata shati la mikono mifupi, kama la wenzake, maana mama yake humshonea mikono mirefu tu kuficha kovu.

Nilimshonea jioni ileile, la bluu. Alipolivaa nilimuuliza kama naweza kumpiga picha. Akafikiri kidogo.

"Mtumie mama tu," akasema.

Nikamtumia mama yake tu.