Siku yangu kwenye maktaba ya Carnegie huku Iowa: ngazi, ngazi na ngazi

Watu wangu mmeniuliza sana huku Iowa, Marekani, nafanya kazi gani hasa, na nikisema maktaba mnadhani nakaa tu kitako nasoma. Haya, hii hapa Jumanne yangu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Theluji imeanguka usiku kucha kwa hivyo kazi ya kwanza si vitabu, ni koleo. Ngazi za mbele ni 11, kiuno changu kinazijua moja moja, nazifukua halafu namwaga chumvi watu wasiteleze. Maktaba nyingi za Carnegie, yaani zilizojengwa kwa pesa za Andrew Carnegie, yule tajiri wa chuma wa Marekani, ziko hivyo, lazima upande ndio ufike mlangoni, wenyewe wanasema ni kama kupanda kuelekea elimu, sawa, lakini aliyewaza hivyo hakuwa na koleo mkononi.

Saa mbili. Nashuka chini kuiangalia boila, inanguruma vizuri leo, asante Mungu. Chini huku kuna ukumbi wa mikutano, nusu umezama ardhini na nusu uko juu. Si bahati mbaya, jengo letu ni la 1913 na kuanzia 1911 James Bertram, katibu wa Carnegie, alikuwa anaitumia miji yote iliyoomba pesa kijitabu cha maelekezo ya ujenzi, kwamba msiweke mbwembwe, ukumbi uwe chini, madirisha ya pembeni na nyuma yaanzie kama futi sita kutoka sakafuni ili rafu zienee ukuta mzima chini yake, na mkutubi akae mahali anaona kila mtu. Kweli kabisa, nikikaa deskini namwona hadi anayekula chipsi kisirisiri nyuma ya rafu ya historia.

Saa tatu tunafungua. Wa kwanza ni yule yule kila siku, mzee mmoja aliyestaafu ukulima, anakuja kusoma gazeti na kubishana. Leo kaamka na Carnegie mwenyewe, ati pesa zile ni jasho la wafanyakazi wa chuma, nikumbuke mgomo wa kiwanda chake cha Homestead 1892 watu walivyouawa. Nikamwambia mzee najua, na kuna miji ilizikataa hizo pesa kwa sababu hiyo hiyo, lakini wewe umekaa kwenye joto lake miaka yote hii. Akacheka, akafungua ukurasa wa bei za mahindi.

Saa nne na nusu ni hadithi za watoto, na hapo ndio balaa. Lifti imekufa tena. Carnegie hakujenga lifti bwana, hii yetu ilibandikwa nyuma miaka ya tisini baada ya sheria ya haki za walemavu ya 1990, na tangu hapo inafanya kazi ikijisikia. Anakuja mama mmoja Mkongo na kigari cha mtoto, mume wake anafanya kazi kiwanda cha nyama. "Dada, iko namna gani leo?" Namwambia mama, leo ni mabega tu. Mimi mbele yeye nyuma, tukakibeba kigari na mtoto ndani amelala fofofo, ngazi zote 11. "Aksanti sana dada." Halafu nikasoma hadithi kwa Kiingereza na mwishoni nikaongeza ya sungura kwa Kiswahili, watoto wa Kizungu nao wakaitikia "paukwa, pakawa" bila kujua maana, raha tupu.

Saa saba lanchi, ugali wa unga wa hapa hapa, Iowa mahindi si shida. Nikakumbuka shule walivyotupeleka maktaba ya McMillan pale Nairobi, tukapiga foleni katikati ya wale simba wawili wa mawe. Ile ilifunguliwa 1931 na Shirika la Carnegie lilichangia pesa, ila hadi 1958 ilikuwa ya wazungu peke yao. Babu yangu angeishia kwa simba. Na mimi leo ndio nashika funguo za hii ya huku, wueh.

Saa tisa na nusu wanafunzi wanavamia, printa, charja, kelele, siandiki zaidi.

Saa kumi na mbili jioni, kikao cha bajeti huko chini ukumbini. Watu wanasema tu Carnegie alitupa maktaba. Alitoa jengo! Sisi tulipata dola 10,000, na sharti lake lilikuwa lile lile la kila mahali, mji utoe kiwanja na kila mwaka utenge asilimia kumi ya msaada kuiendesha, yaani 1,000. Vitabu hakununua. Kwa hivyo zaidi ya miaka mia mji huu mdogo umekuwa ukijichanga wenyewe, boila, paa, mishahara, na kila mwaka mtu mmoja lazima ainue mkono aulize kama kweli tunahitaji kufungua Jumamosi. Leo pia kainua. Yule mzee wa asubuhi, yule yule wa Homestead, akasimama akaitetea Jumamosi kama mali ya babake. Wakaahirisha hadi mwezi ujao.

Saa mbili na nusu usiku nafunga. Theluji imeanza tena, namwaga chumvi. Fundi wa lifti amepiga simu, kasema atakuja Alhamisi. Ya lini, hakusema.