Siku moja maishani mwangu: muuza santuri, Nairobi

Saa mbili asubuhi. Nafungua kibanda, napangusa vumbi, naangalia kama mvua ya usiku imepenya ukutani. Wapita njia hudhani hapa ni makumbusho. Nauza muziki wa kuchezwa, na nusu ya kazi ni kuosha.

Saa tatu. Gunia la 45 (santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika) za benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo, limefika kutoka Nyanza, zilikokuwa zimewekwa darini chini ya mabati. Joto la mabati huzikunja. Iliyopinda kidogo hulazwa kati ya vioo viwili, uzito juu, siku kadhaa. Iliyojikunja kama chapati haiponi. Kuosha ni kwa maji ya betri (yale safi, si asidi), tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini. Fuata mzunguko wa mifereji, ile mistari inayopita sindano. Ukikatiza, mchanga uliomo utakwaruza. Lebo isilowe, wino utatoka. Ukungu sugu nautoa kwa alkoholi kidogo, lakini si kwa zile nzito za mizunguko 78: hizo ni za shelaki, si za plastiki, na alkoholi huiyeyusha.

Lebo ikiwa imechanika, tazama ile sehemu laini inayoizunguka. Namba ya kiwandani imechongwa pale, na mara nyingi inatosha kuitambua santuri.

Saa tano na kitu anaingia mzee mmoja. "Kijana, natafuta wimbo." Jina? Hajui. Bendi? "Ni ya Wajaluo." Hapo hajapunguza chochote, rafu nzima nyuma yangu ni ya Wajaluo. Anaanza kuuimba: ti-ri-ti-ri, ti-ri-ri. Naweka Victoria Jazz. Kabla ya ubeti wa kwanza kuisha anapunga mkono, sio. George Ramogi, sio. Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa eneo la Shirati, Mara, Tanzania, sio. Nyingine tena, sio, na sasa analalamika kwamba sina santuri.

Tatizo ni kwamba anachoimba si sauti ya mtu, ni gitaa. Upande mmoja wa 45 hubeba dakika tatu hivi, na wimbo wa kuchezwa unataka mara mbili ya hapo. Kwa hiyo ulikatwa: upande A ni Part 1, maneno na masimulizi, upande B ni Part 2, waimbaji wananyamaza, besi inashika kasi na gitaa la solo linachukua uwanja. Watu waliinukia kiti hapo, na hapo ndipo kumbukumbu zao zilipobaki. Basi nazirudia zote, upande B. Ya tatu anasimama. "Hiyo hiyo!"

Bei ni shilingi 600. Anatoa 200, kwa kuwa yeye ni mkubwa wangu. Tunavutana. Kisha anauliza ataipiga na nini, maana nyumbani hana mashine. Si nimwekee tu kwa flashi? Namweleza kwamba nauza santuri. Anaeleza kwamba mimi ni mchoyo. Tunakubaliana 500, halafu stima inapotea kabla hajaisikia hadi mwisho, naye hatoki mpaka irudi. Wengine wawili wamechungulia mlangoni wakaenda zao.

Mchana sijui saa ngapi. Chai, mandazi. Kijana ameleta mashine "inayoruka". Juu ya kichwa cha sindano amebandika sarafu. Sarafu huzuia kuruka, ndiyo, na huku inakwangua mifereji. Naitoa, naweka sindano mpya, napima gramu 3, inatulia. Mkanda wa mpira nao umelegea. Ndiyo maana kila mwimbaji alikuwa anasikika kama mlevi.

Simu kutoka Dar es Salaam: anataka muziki wa dansi wa Tanzania wa miaka ya 70. Anashangaa kuambiwa atafute huku. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kubonyeza santuri, kwa hiyo nyimbo nyingi za bendi zake zilitolewa Nairobi. Mwingine anaandika kutoka Zimbabwe akiulizia "kanindo". Ni benga hii hii. Phares Oluoch Kanindo alizisambaza santuri mpaka huko, wakauita muziki kwa jina lake.

Jioni miguu inauma. Zinarudi rafuni zikisimama wima, kamwe si kwa kurundikwa. Kuna kifurushi cha Kisumu. Santuri naitoa kwenye jaketi lake (kava la karatasi), maana njiani ikitikisika hulipasua kwa ndani. Naiweka kwenye mfuko wa plastiki, kisha kati ya vipande viwili vya katoni, mistari ya kimoja wima, ya kingine mlalo, kusudi visipinde pamoja. Juu naandika KISILAZWE, pande zote mbili. Karani wa basi anasoma, anakilaza, anaweka gunia la viazi juu. Nakitoa mwenyewe.